Maswali Yenu: Kusema kwa Kitufe Kimoja

Toleo lililopita tuligusia programu huria, yaani zilizo wazi kwa yeyote kuzitumia na kuzibadilisha, zinazomwezesha mtu asiyeweza kutamka wala kutumia vidole kuandika na kusema kupitia simu au kompyuta. Barua zilizofuata zimezidi nafasi tuliyo nayo. Tumechagua saba, tumezifupisha, na majina tumeyaacha pembeni.

Mwanga unakimbia, maneno hayaendi

SWALI: Ninasoma kompyuta Dodoma. Nimemtengenezea kijana mmoja mwenye mtindio wa ubongo ubao wa herufi kwenye tableti. Mwanga unashuka mstari kwa mstari. Akibonyeza swichi kwa goti, mstari umechaguliwa, kisha mwanga unapita kisanduku kwa kisanduku mpaka abonyeze tena. Herufi nimezipanga kialfabeti, sita kwa kila mstari, bila Q na X. Kila hatua ni sekunde moja. Kuandika "ninaumwa" kunapita nusu dakika. Nikishusha hadi nusu sekunde, anakosea kila mara. Nifanyeje?

JIBU: Rudisha ile sekunde moja, halafu tupige hesabu ya hatua. Kasi ya mwanga haina kosa. Kosa ni njia ndefu uliyomwekea.

Herufi iliyo mstari wa tatu, kisanduku cha pili, inamgharimu hatua tano: tatu za kushuka na mbili za kwenda kulia. Kwenye ubao wako n ndiyo ipo hapo. I nayo ni hatua 5, u ni 6, w ni 8. Jumlisha "ninaumwa" yote utapata hatua 37. Sasa herufi ambazo Kiswahili hakiachi kuziita ziweke kona ya juu kushoto, na zile za nadra ziangukie kona ya chini kulia, hivi:

a i u m h z
n k e t b d
w o y r g f
l s j p c v

Neno lilelile sasa ni hatua 26. Si kila neno litafaidika. "Maji" lilikuwa hatua 17 kwenye ubao wa zamani, na kwenye huu ni 17 vilevile, kwa kuwa j imesukumwa mbali. Basi usimwandikishe mtu mwenye kiu neno "maji". Lipe kisanduku chake lenyewe, na sauti yake itoke kwa mbonyezo mmoja.

Faida kubwa zaidi imo ndani ya sarufi yetu. Juu ya herufi ongeza mstari mmoja wa vipande vilivyo tayari: nafasi, nina, ana, wana, futa, sema. Kila herufi inashuka hatua moja, kwa hiyo utadhani umepata hasara. Hesabu tena: "nina" hatua 3, u hatua 5, m hatua 6, w hatua 5, a hatua 3. Jumla 22. Kutoka 37 hadi 22 bila kugusa kasi ya mwanga. Nafasi tumeiweka kisanduku cha kwanza kabisa kwa sababu inahitajika baada ya kila neno, na "futa" ipo mstari wa juu kwa sababu atakosea, na kosa lisilofutika upesi linamkatisha mtu tamaa kuliko ubao mzito.

Hapa wengi wanaochukua programu zilizoandikwa kwa lugha nyingine wanajikwaa. Kwanza, programu hizo zikishachagua kipande huongeza nafasi zenyewe, kwa kudhani neno limekwisha. "Nina" ikifuatwa na nafasi inakuletea "nina umwa". Zima tabia hiyo kwa vipande vyote ambavyo ni viambishi. Pili, zinabashiri neno zima kutoka kwenye orodha ya maneno. Orodha ya maneno elfu kumi inatosha kwa lugha ambayo kitenzi kina maumbo manne au matano. Kwetu kitenzi "kula" peke yake kina anakula, tulikula, hatujala, wasingekula, watakaokula, tutakavyokula, na bado hujagusa kulisha na kulika. Neno ambalo halikuwahi kutokea kwenye maandishi uliyoifundishia programu haliwezi kubashiriwa hata kidogo. Bashiri kwa vipande: nafsi sita (ni, u, a, tu, m, wa) mara nyakati nne (na, li, ta, me) ni mianzo 24 tu ya kauli za kukubali, na baada ya mwanzo ndipo mzizi ufuate.

Njia nyingine ni kubashiri kwa herufi. Dasher, programu huria iliyobuniwa na David Ward na David MacKay katika maabara ya Cavendish, Cambridge, hutumia mbinu inayotazama herufi chache zilizotangulia na kupima ipi itafuata. Haijui neno ni nini, na kwetu hilo ni heri: ukiilisha maandishi ya kawaida ya Kiswahili inajifunza yenyewe kwamba baada ya "tuli" huja mzizi na kwamba baada ya konsonanti huja irabu. Ilishe mazungumzo, si habari za bunge. Anayetumia chombo hiki anataka kusema "nigeuze upande wa pili", na neno "nigeuze" hulioni gazetini.

Usiweke visanduku vya ubashiri zaidi ya vitatu. Kila kimoja kinachopitiwa na mwanga kabla ya kufika kwenye herufi ni hatua inayolipwa hata pale ubashiri ulipokosea.

Kuhusu kasi yenyewe, pima badala ya kukisia. Washa mwanga mahali pamoja mara 20, rekodi muda anaochukua kubonyeza, tafuta wastani, kisha gawa kwa 0.65. Wastani ukiwa sekunde 0.78, muda wa hatua ni 1.2. Kanuni hii inamwachia nafasi ya kupumua pale msuli unapochelewa. Pima asubuhi na pima jioni, kwa sababu utapata namba mbili tofauti, na jioni ndiyo ya kufuata. Hatua ya kwanza ya kila mstari iongezee nusu sekunde. Macho yanakuwa bado yanahama.

Na kama maandishi yako yana "ng'ombe", chunguza alama ya juu. Ile iliyonyooka na ile iliyopinda ni alama mbili mbele ya kompyuta, kwa hiyo orodha yako itakuwa na ng'ombe wawili. Tena programu nyingi hukata neno pale zinapoona alama hiyo, na kukuachia "ng" na "ombe". Badilisha zote ziwe aina moja kabla ya kufundisha chochote.

Kiswahili kwa ulimi wa Kizungu

SWALI: Mwanangu ana miaka tisa, hawezi kuongea. Tumemwekea ubao wa picha unaofunguka kwenye kivinjari cha tableti. Akibonyeza "jina langu" inasema "jaina langu". Siku nyingine nyumbani inasema sawasawa, shuleni inarudi kule kule. Tuko Kisumu.

JIBU: Mama, ubao huo hauna sauti yake. Unaandika maneno na kuiomba tableti iyasome. Tableti isipokuwa na sauti ya Kiswahili haikwambii. Inachukua ya Kiingereza na kusoma kama ilivyozoea. Nyumbani kuna intaneti, sauti ya Kiswahili inatoka mtandaoni. Shuleni bando limekwisha au halishiki, sauti imetoweka.

Fungua mipangilio ya tableti, tafuta sehemu ya kusoma maandishi kwa sauti, na pakua sauti ya Kiswahili ibaki ndani ya kifaa. Isipopatikana, weka eSpeak NG. Ni programu huria, ni ndogo, inajua Kiswahili, na haihitaji intaneti kabisa. Kisha washa hali ya ndegeni na ujaribu vitufe kumi. Usiamini jaribio lolote lililofanywa mtandao ukiwa umewashwa.

Sauti ya eSpeak NG ni ya kimashine, hilo hatukufichi. Kasi yake ya kuanzia ni maneno 175 kwa dakika, mno kwa msikilizaji asiyeizoea. Ishushe hadi 120 au 130. Kimo cha sauti kinaanzia 50 katika kipimo cha 0 hadi 99. Kwa mtoto jaribu 70 hadi 80, asisikike kama mzee wa baraza.

Lakini kwa ubao wa misemo 60 au 80, kuna sauti nzuri kuliko zote nayo haina gharama: binamu yake wa umri uleule, wa jinsia ileile. Mwekeni chumbani, funikeni dirisha kwa blanketi, asome misemo yote, kila mmoja faili yake. Bao nyingi huria, AsTeRICS Grid mojawapo, zinakubali kisanduku kiwe na sauti iliyorekodiwa badala ya maandishi. Rekodini na misemo ya kitoto pia: "si zamu yako", "mimi sichezi tena", "subiri". Watu wazima wakitengeneza ubao huujaza naomba maji, naomba chakula, naenda chooni. Mtoto anataka pia kubishana.

"Shikamoo" iwe kwenye ukurasa wa kwanza, mbonyezo mmoja, na "marahaba" kando yake kwa wadogo zake. Salamu haisubiri mwanga ushuke mistari minne. Mgeni atakuwa ameshapita, na atasema mtoto hana adabu.

Kwa wanaoandika bao hizi wenyewe: orodha ya sauti za kivinjari mara nyingi huwa tupu ukurasa unapofunguka, huja baadaye kidogo. Subirini tukio la orodha kubadilika kabla ya kuchagua. Msitafute "sw-KE" peke yake, tafuteni chochote kinachoanza na "sw". Na mkikosa kabisa, onyesheni onyo kwenye skrini badala ya kuiacha sauti ya Kiingereza ijaribu bahati yake.

Namba nazo zisafisheni kabla ya kuzipeleka kwenye sauti. Ikiwa ubao unasoma saa ya kifaa, 14:00 isisomwe "kumi na nne". Chukua saa, jumlisha 6, gawa kwa 12, baki na salio: 14 inakuwa 8, saa nane. Salio likiwa sifuri ni saa kumi na mbili. Namba ya simu isomwe tarakimu moja moja, la sivyo utasikia mamilioni. "Sh" iwe shilingi, "Bw." iwe Bwana.

Swichi ya kutengeneza mwenyewe

SWALI: Mimi fundi wa simu, Mwanza. Nimeletewa kazi ya kutengeneza kitufe kikubwa kitakachobonyezwa kwa kichwa na kuingiza nafasi kwenye simu. Nilijaribu na Arduino Uno (ubao mdogo wa saketi unaopangiwa programu), haikutambuliwa kama kibodi. Nipe vipimo.

JIBU: Ndugu fundi, Uno ya kawaida haiwezi kwa sababu chipu yake kuu haizungumzi USB moja kwa moja. Tafuta Leonardo au Pro Micro, zote zina chipu ya ATmega32U4 inayojitambulisha kama kibodi bila kuongeza kitu. Pro Micro ni ndogo, inaingia ndani ya kibuyu cha plastiki.

Vifaa: Pro Micro moja, tundu la jeki la milimita 3.5, waya wa USB, adapta ya OTG (ya kuchomekea kifaa cha USB kwenye simu), na swichi yenyewe. Usiunganishe swichi moja kwa moja kwenye ubao. Pitia kwenye tundu la jeki. Swichi za watu wenye ulemavu karibu zote duniani zina jeki ya mono ya milimita 3.5, kwa hiyo siku shingo ikichoka na mtu akihitaji swichi ya shavu, mnachomoa na kuchomeka. Ncha ya jeki iende pini ya 2, shina liende GND (pini ya ardhi). Ukiwa na tundu la stereo, mguu wa kati uache mtupu, maana jeki ya mono huuunganisha na shina. Kinza cha nje hakihitajiki: kwenye programu tangaza pini hiyo INPUT_PULLUP, kinza cha ndani kitafanya kazi. Ikibonyezwa inasoma LOW.

Sasa muda, ambao ndio kazi yenyewe. Vyuma vya swichi vinapogusana hurukaruka kwa milisekunde chache, na bila kinga mbonyezo mmoja utaingia mara tatu. Puuza mabadiliko yote chini ya milisekunde 30. Hiyo ni kinga ya chuma. Ya mwili ni mbili nyingine, nazo mafundi husahau. Moja, muda wa kukubali: mbonyezo usihesabiwe mpaka udumu, tuseme milisekunde 200, ili mshtuko wa msuli usipite. Ya pili, muda wa kupuuza: baada ya mbonyezo uliokubaliwa, funga masikio kwa milisekunde 500 hadi 1,000, kwa kuwa kichwa kinaporudi nyuma mara nyingi hugonga tena. Anayetetemeka anahitaji ya kwanza ndefu. Aliye dhaifu, anayegusa na kuachia papo hapo, ya kwanza iwe karibu na sifuri, la sivyo hatasikika kamwe. Weka potenshomita mbili ndogo pembeni ili mama wa nyumbani azungushe bisibisi bila kukuita.

Tuma kubonyeza na kuachia kwa pamoja. Ukituma kubonyeza tu na kungoja aachie, aliyekakamaa juu ya kitufe atajaza skrini nafasi tupu.

Yatakayokusumbua: kibodi ya skrini ya Android itajificha mara tu simu inapohisi kuna kibodi ya nje, irudishe kwenye mipangilio. Simu nyingi hazichaji huku OTG ikitumika, hivyo jaribu adapta yenye tundu la pili la umeme kabla hujaikabidhi, maana chombo kinachozimika saa tisa alasiri si chombo. Na ukikosea programu ikawa inamwaga herufi bila kukoma, hutaweza kupakia nyingine: gusanisha RST na GND mara mbili haraka, utapata kama sekunde nane za kupakia upya.

Tundu la vipokea sauti la simu lisitumike kwa jeki hii.

Anaongea, ila watu hawamwelewi

SWALI: Kaka yangu ana mtindio wa ubongo. Anaongea, sisi nyumbani tunamwelewa, mgeni hapati kitu. Je, hizi programu za kutambua sauti zinaweza kufundishwa Kiswahili chake? Nairobi.

JIBU: Kwa mazungumzo ya wazi, bado. Kwa maneno thelathini, ndiyo, na mnaweza kuanza wiki hii.

Whisper, programu ya kutambua sauti ambayo kampuni ya OpenAI iliitoa wazi mwaka 2022, ilifundishwa kwa saa 680,000 za sauti, sehemu kubwa Kiingereza na Kiswahili kidogo sana. Inamdhania kila msemaji anatamka kama watu wengi. Mbaya zaidi, isipoelewa hainyamazi. Hubuni sentensi safi isiyosemwa na mtu. Sentensi safi ya uongo kinywani mwa mtu asiyeweza kuikanusha ni hatari kuliko kimya.

Watafiti wa Sheffield na Barnsley, Uingereza, katika mradi wa STARDUST, walipita njia tofauti: programu inayomjua msemaji mmoja tu, maneno machache, ya kuwashia taa na televisheni. Walichokiona ni kwamba si lazima neno litamkwe vizuri. Linatakiwa litamkwe kwa namna ileile leo na kesho. Kaka yako akisema "taa" ikatoka "haa" kila siku, kompyuta haina shida nayo. Ikitoka "haa" leo na "aaa" kesho, badilisheni neno.

Anzeni hivi. Chagueni maneno 30 anayoyahitaji kweli. Rekodini kila neno mara 20, lakini mara tano kwa siku katika siku nne, si yote kwa mkao mmoja. Mdomo wa asubuhi na wa jioni haufanani. Maikrofoni ibaki mahali pamoja, sentimita 15 kutoka mdomoni, kando kidogo ili pumzi isiipige. Wekeni siku ya nne pembeni. Fundisheni kwa siku tatu za kwanza, mjaribu kwa ile ya nne. Mkijaribu kwa rekodi zilezile mlizofundishia mtapata alama za juu ajabu, na wiki ijayo chombo kitashindwa.

Kwa maneno 30 hamhitaji mtandao mkubwa wa neva. Mbinu ya zamani ya DTW, inayonyoosha rekodi moja ilingane na nyingine na kupima umbali, inakwenda kwenye simu ya kawaida. Tengenezeni jedwali la nani anachanganywa na nani. Mkiona "maji" na "taji" vinagongana, msimsumbue kaka afundishwe kutamka upya. Mpeni neno lenye silabi tofauti, "kunywa" kwa mfano. Na wekeni kikomo cha umbali: likipita hapo, chombo kiseme "sijasikia". Bora kurudia mara moja kuliko kuzimiwa taa ulipoomba maji.

Kengele ya dharura isitegemee sauti. Hiyo ipewe swichi.

Sauti ya baba kabla haijaondoka

SWALI: Baba yangu ana ALS, ugonjwa unaodhoofisha misuli polepole. Bado anaongea vizuri ila anachoka. Tumesikia sauti yake inaweza kuhifadhiwa ije kutumiwa na kompyuta. Ni kweli kwa Kiswahili? Morogoro.

JIBU: Ni kweli, na anzeni leo, kabla ya kujua mtatumia programu gani. Rekodi nzuri itafaa kwa programu yoyote itakayokuja. Sauti ikishalegea hakuna programu ya kuirudisha.

Rekodini kwa faili za WAV, mono, biti 16, kilohezi 44.1 au 48. Msitumie ujumbe wa sauti wa WhatsApp wala MP3, zote hubana sauti na kilichokatwa hakirudi. Chumba chenye kitanda, mapazia na nguo kinafaa kuliko sebule ya vigae. Zimeni feni na friji. Kama msikiti au barabara iko jirani, fanyeni mapema asubuhi. Baba asome kwa sauti yake ya kila siku, asisome kama mtangazaji.

Lengo ni sentensi 500, za sekunde tano hivi, jumla kama dakika 42. Vipindi vya dakika 15, mara mbili kwa siku, asubuhi. Akianza kukoroma au kumeza maneno, simameni, kwani uchovu unarekodiwa nao. Andaeni sentensi zenye ng', ny, gh, dh, th, mb, nd, na maswali ya kutosha, kwa sababu swali kwa Kiswahili mara nyingi hujulikana kwa mpando wa sauti peke yake: "Mama amerudi." "Mama amerudi?" Bila maswali kwenye rekodi, baba wa kompyuta hataweza kuuliza. Namba ziandikwe kwa maneno. Andiko lifanane na alichosema neno kwa neno; akisema "hiyo" palipoandikwa "ile", rekebisheni andiko.

Kwa kuifundisha kompyuta sauti hiyo, Piper, programu ya kusoma maandishi kwa sauti, ni chaguo zuri. Ni huria, inatumia eSpeak NG kugeuza maandishi kuwa sauti za lugha, kwa hiyo Kiswahili kinaeleweka tangu mwanzo, na tayari ina sauti ya Kiswahili cha Kongo. Msianze kufundisha kutoka sifuri. Endelezeni muundo uliokwisha fundishwa, dakika 42 zitatosha kupata sauti inayotambulika kuwa ya baba. Rekodi zishushwe hadi hezi 22,050. Orodha ni faili moja: jina la rekodi, mstari wima, andiko. Kufundisha kunataka kompyuta yenye kadi ya michoro ya NVIDIA, ya kukodi mtandaoni inatosha. Mwishoni mnapata faili mbili, moja ya .onnx na nyingine ya .onnx.json. Ziishi folda moja na jina lilelile, vinginevyo hazitafunguka. Zote hazizidi sana megabaiti 60, na zinakwenda kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4 bila intaneti.

Kando ya hizo 500, mrekodini akicheka, akiita wajukuu kwa majina, akiguna. Hizo hazifundishwi, zinachezwa kama zilivyo. Nakala ziwe mbili, nyumba mbili tofauti. Na baba mwenyewe aamue nani ataitumia sauti yake na kwa lipi, iandikwe.

Tunaweza kuuza?

SWALI: Kikundi chetu Arusha kinataka kuandaa tableti zenye ubao wa picha na sauti ya Kiswahili, tuuze kwa bei ya kurudisha gharama. Programu ni bure. Kuna tatizo?

JIBU: Programu zenyewe pengine hapana, picha na sauti pengine ndiyo. Leseni ya GPL, kama ya ubao wa picha wa Cboard, haikuzuii kuuza. Inakutaka umpe mteja haki ileile ya kupata msimbo. AsTeRICS Grid ni AGPL, na hapo hata ukiiweka kwenye seva baada ya kuibadilisha, wanaoitumia wana haki ya kupata mabadiliko yako.

Picha za ARASAAC, mali ya serikali ya Aragon, Hispania, zinakataza biashara. Kama mnataka kuuza bila wasiwasi, tumieni picha za Mulberry, ambazo leseni yake inaruhusu mradi mtaje chanzo na mgawe kwa masharti yaleyale. Sauti za kompyuta za MMS, za kampuni ya Meta, zinajumuisha Kiswahili na ni nzuri kusikiliza, ila leseni yake nayo inakataza biashara. Kupakua bure si ruhusa ya kuuza. Rekodi za Common Voice, mkusanyo wa Mozilla wa sauti zilizotolewa kwa kujitolea, ziko huru kabisa, lakini ni za watu wengi, vipande vifupi, vyumba tofauti: zinafundisha kompyuta kusikia, hazitengenezi sauti moja ya kusemea.

Kamera ya kawaida

SWALI: Kamera ya kompyuta mpakato inaweza kufuata macho? Mwalimu, Unguja.

JIBU: Mwalimu, itafuata kichwa, macho bado. Kwa anayeweza kugeuza shingo hata sentimita mbili, eViacam inageuza mwendo wa uso kuwa kipanya, ni huria na inakwenda Linux na Windows. Kompyuta isielekee dirishani kwa namna ambayo mwanafunzi ana mwanga mgongoni. Uso ukiwa kivuli, kishale kinatangatanga. Kwa macho peke yake kunatakiwa kifaa chenye taa za infraredi, na hapo programu huria ya Optikey kwa Windows itafaa. Kama shingo haigeuki na kifaa hicho hakipo, tafuta msuli mmoja tu anaoutawala. Stephen Hawking aliandika kwa shavu, kihisi cha infraredi kikiwa kwenye miwani, na programu yake ya ACAT Intel iliitoa huria mwaka 2015. Ni ya Windows, na ubao wake wa herufi unaweza kupangwa upya, ile a ikiwa kona ya juu kushoto.